Eikon, Sura na Sanamu: Historia ya Jina la Wavunja-Sanamu

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi huchukua picha zao takatifu mikononi na kuzunguka nazo kwa maandamano. Desturi hii haiko ng'ambo peke yake. Imo Kenya pia, kwani Waorthodoksi Waafrika wa nchi hii walipokelewa chini ya Upatriaki wa Aleksandria mwaka 1946, na pamoja na imani wakapokea kalenda yake na kumbukumbu zake. Kinachokumbukwa siku hiyo ni tukio la mwezi Machi 843 mjini Konstantinopoli, wakati Theodora, mjane wa Kaisari Theophilos, aliporudisha heshima ya picha makanisani baada ya ubishi uliodumu, kwa vipindi viwili, zaidi ya miaka mia moja. Walioshinda walijipatia sikukuu. Walioshindwa walibakiwa na jina tu, nalo hawakujipa wenyewe.

Jina hilo ni eikonoklastes. Limeingia katika lugha karibu zote za Ulaya, na kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa "mvunja-sanamu". Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, na kwa mazoea imekubalika. Hata hivyo imebeba hukumu ndani yake, na hukumu hiyo ni kinyume cha ile iliyokusudiwa na Wagiriki. Kwa Mgiriki wa karne ya 9 jina hili lilikuwa tusi: yule aliyeitwa hivyo alikuwa amevunja kitu chema. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, mvunja-sanamu wa kwanza kukumbukwa ni Nabii Ibrahimu aliyeyavunja masanamu ya watu wake, naye husifiwa kwa kitendo hicho. Hivyo tusi, lilipovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, liligeuka sifa. Jambo kama hilo halistahili kupitwa na mwanafunzi wa lugha bila ya kuulizwa limetukiaje.

Yafaa kuanza na viungo vya neno lenyewe. Eikon limetokana na kitenzi eoika, yaani "kufanana". Mwenye kujua Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuupata mwenzake, kwani njia ile ile iliyotoa eikon katika eoika ndiyo iliyotoa mfano katika kufanana. Pembeni ya neno hili Wagiriki walikuwa na jingine, eidolon, lenye asili ya kitenzi cha kuona. Zamani za Homer eidolon lilikuwa kivuli cha marehemu, kitu kionekanacho pasipo kuwa na mwili wala nguvu. Wayahudi wa Aleksandria walipoifasiri Taurati kwa Kigiriki, walilitumia neno hili kwa miungu ya uongo, na tangu hapo likawa neno la kulaani. Eikon halikupatwa na mkosi huo. Katika tafsiri ile ile mtu ameumbwa kwa eikon ya Mungu, na katika nyaraka za Mtume Paulo Kristo mwenyewe ni eikon ya Mungu asiyeonekana. Ubishi mzima wa Bizanti ulisimama juu ya pengo lililo baina ya maneno haya mawili: je, ubao uliochorwa uso wa Kristo ni eikon au ni eidolon?

Kiungo cha pili ni kitenzi klao, "kuvunja". Hapa pana jambo dogo ambalo Kiswahili hulificha. Klao ndicho kitenzi ambacho Agano Jipya hutumia kwa mkate wa Bwana. Mswahili humega mkate na kuvunja sanamu, wala hawezi kuvichanganya vitendo viwili hivi. Mgiriki alikuwa na kitenzi kimoja kwa vyote viwili. Umuhimu wa jambo hili utaonekana mbele.

Sasa, watu wa Bizanti wenyewe, walipotaja mgogoro wao, hawakuuita uvunjaji. Waliuita eikonomachia, na mache ni vita au ugomvi: vita vya picha. Nomino dhahania yenye maana ya "uvunjaji wa picha", ambayo leo hupatikana katika kila kitabu cha historia, ni zao la Ulaya Magharibi la baadaye sana. Katika Kiingereza haionekani kabla ya mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo mwanahistoria anayesema kwamba Bizanti ilipita katika "enzi ya uvunjaji wa picha" anautazama mgogoro huo kwa neno ambalo wenyewe hawakulitumia kuutaja.

Tena neno hilo huzidisha. Masimulizi ya zamani husema kwamba Kaisari Leo wa Tatu, aliyetawala tangu 717 hadi 741, aliingiwa na hofu baada ya volkano kulipuka katika bahari ya Thera mwaka 726, akaona kuwa ni ghadhabu ya Mungu, na akaamuru picha ya Kristo iliyokuwa juu ya lango la ikulu iangushwe. Wanawake wa mji wakamshambulia mtumishi aliyepanda ngazi wakamwua. Ni hadithi nzuri, na imesimuliwa mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba iliandikwa na wapinzani wa Leo miongo mingi baadaye, na wanahistoria wengi wa siku hizi huitilia shaka. Lililo wazi zaidi ni kwamba Januari 730 Patriaki Germanos alijiuzulu kwa kuwa hakuweza kukubaliana na kaisari kuhusu picha. Ushahidi wa vitu vilivyovunjwa hasa ni mchache. Katika kanisa la Mtakatifu Irene, ambalo lingali limesimama mjini Istanbul, wapinga-picha waliweka juu ya madhabahu msalaba mkubwa mtupu wa vijiwe vya rangi. Hawakuliacha ukuta wala hawakubomoa kitu pale; walipamba kwa namna waliyoiona kuwa halali.

Sarafu nazo zina neno la kusema. Justiniano wa Pili, katika utawala wake wa kwanza uliokwisha mwaka 695, alikuwa kaisari wa kwanza kuchapa uso wa Kristo juu ya dhahabu. Muda mfupi baadaye Khalifa Abd al-Malik, huko Dameski, aliziondoa sura za watu katika dinari zake na kuweka maandishi matupu. Leo wa Tatu naye alitoa sarafu ya fedha yenye msalaba na maandishi tu. Lakini juu ya dhahabu uso wa kaisari ulibaki, wake na wa mwanawe, na wapinga-picha wote waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Mtu asiyetaka picha yoyote duniani hawezi kulipa askari wake kwa picha yake mwenyewe. Waliyoyapinga yalikuwa mambo mahususi, nayo yalihusu ibada.

Mambo hayo yalielezwa kwa ukamilifu chini ya Konstantino wa Tano, mwana wa Leo, mtawala hodari wa vita ambaye adui zake walimpachika lakabu ya Kopronymos, "mwenye jina la kinyesi", wakidai kwamba aliyachafua maji ya ubatizo alipokuwa mtoto mchanga. (Katika mgogoro huu kila upande ulipigana kwa majina, wapinga-picha waliitwa pia "washitaki wa Wakristo".) Mwaka 754 maaskofu 338 walikusanyika katika ikulu ya Hieria, ng'ambo ya Asia ya mji mkuu. Hoja yao ilikuwa ya kifalsafa. Mchoraji amchoraye Kristo ama huuchora ubinadamu wake peke yake, na hapo amemgawanya. Ama hudai kuuchora na Uungu pia, na hapo ameuzungushia mpaka usiowezekana. Picha ya kweli ya Kristo ni moja tu, ile aliyoiagiza mwenyewe, nayo ni mkate wa Ekaristi. Hapa ndipo kile kitenzi klao kinaporudi kwa namna ya kejeli: watu waliopewa jina la wavunja-picha waliamini kwamba picha pekee ya halali ni ile inayovunjwa kila Jumapili juu ya madhabahu.

Upande wa pili ulikuwa tayari na majibu. Yohane wa Damasko, aliyeishi chini ya utawala wa Waislamu na hivyo hakuweza kufikiwa na mkono wa kaisari, alikuwa ameandika hotuba tatu za kutetea picha. Yeye na waliomfuata walitofautisha vitenzi viwili. Latreia ni ibada, nayo ni ya Mungu peke yake. Proskynesis ni kuinama kwa heshima, jambo ambalo mtu huweza kumfanyia mfalme, mzee, au Injili. Ibrahimu mwenyewe aliwainamia watu wa nchi aliponunua shamba la kaburi. Heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Hoja hii haipaswi kuwa ngumu kwa Waswahili, ambao husalimu wakubwa wao kwa shikamoo, neno ambalo hudhaniwa kuwa limetokana na kushika miguu. Hapana aliyewahi kudhani kwamba mtoto anayemwamkia babu yake hivyo amemfanya mungu.

Juu ya tofauti hiyo ya vitenzi ndipo Mtaguso wa Pili wa Nikea ulipojenga mwaka 787, chini ya Malkia Irene na Patriaki Tarasios, ulipobatilisha uamuzi wa Hieria. Mtaguso huo uliamuru pia kwamba vitabu vya wapinga-picha vipelekwe kwa Patriaki vikafungiwe. Ndiyo sababu maandishi yao hayakubaki. Tamko la Hieria hujulikana leo kwa kuwa tu lilisomwa kwa sauti huko Nikea, kipande kwa kipande, ili likanushwe, na makarani wakaliandika pamoja na kanusho lake. Yeyote anayewasoma wapinga-picha huwasoma ndani ya kitabu cha maadui zao.

Baada ya hapo ilitukia ajali ya tafsiri ambayo ingefaa kufundishwa katika kila idara ya lugha. Papa Hadriano wa Kwanza aliamuru kumbukumbu za Nikea zifasiriwe kwa Kilatini, na nakala ikafika katika baraza la Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki. Mfasiri alikuwa amefuata Kigiriki neno kwa neno. Proskynesis akaiandika adoratio, neno ambalo kwa Wafranki lilimaanisha ibada yenyewe. Zaidi ya hayo, askofu mmoja wa Kupro aliyekuwa amesema kwamba anazipokea picha kwa heshima, na kwamba ibada anampa Utatu Mtakatifu peke yake, alionekana katika Kilatini akisema kwamba anazipa picha ibada ile ile anayoupa Utatu. Wafranki walishtuka, na kwa maneno yaliyokuwa mbele yao walikuwa na haki ya kushtuka. Theodulf, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Orléans, aliandika kitabu kirefu cha kuwapinga Wagiriki, na mwaka 794 sinodi ya Frankfurt ililaani fundisho ambalo Nikea haikulifundisha. Mwaka 873 Anastasius, mtunza-maktaba wa Papa, alitoa tafsiri mpya, akimweleza Papa kwamba mfasiri wa kwanza hakuzijua desturi za Kigiriki wala za Kilatini, na kwa kufuata neno kwa neno alikuwa ameandika kitu kisichosomeka. Ni miaka karibu 80 baada ya Frankfurt. Madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka.

Kati ya wote walioandika juu ya jambo hili, aliye karibu zaidi na Kiswahili ni mtu asiyetajwa sana. Theodore Abu Qurra, askofu wa Harran, aliandika utetezi wake wa picha mwanzoni mwa karne ya 9, si kwa Kigiriki bali kwa Kiarabu, kwa ajili ya Wakristo waliokuwa wameacha kuinamia picha kwa kuona haya mbele ya majirani zao Waislamu na Wayahudi. Nakala ya kazi yake iliyoandikwa mwaka 877 imehifadhiwa London. Kwa picha alitumia neno sura, na kwa proskynesis alitumia sujudu. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili leo, pamoja na sanamu, ambalo katika Kiarabu ni mungu wa kuchongwa hasa. Ibn al-Kalbi, karibu na wakati huo huo, aliandika kitabu kizima juu ya masanamu ya Waarabu wa zamani. Kiarabu basi kilikuwa na pengo lile lile la Kigiriki: sura upande mmoja, sanamu upande wa pili.

Kiswahili kilipoyapokea maneno haya hakikulihifadhi pengo hilo. Sura ililemea upande wa uso na umbo la mtu, na juu ya hayo ikagongana na sura nyingine, ile ya Kurani, ambayo katika Kiarabu huandikwa kwa sini na hii kwa sadi. Masikio ya Kiswahili hayakuona sababu ya kuzitenga. Sanamu nayo ilipanuka. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hulieleza neno hili kuwa mungu wa kuchongwa, lakini pia kuwa picha, mfano na kifananishi cha kitu chochote. Athari yake yaonekana wazi katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952. Pale amri inapokataza kitu cha kuchongwa, pameandikwa sanamu. Pale Kristo anapouliza ni uso wa nani ulio juu ya sarafu, ambapo Kigiriki kina eikon, pameandikwa sanamu vile vile. Lakini pale mtu anapoumbwa, na pale Kristo anapotajwa kuwa eikon ya Mungu, wafasiri walisita, wakachukua mfano. Walifanya vyema. Walihisi kwamba sanamu, hata baada ya kupanuka, haikuwa imeisahau asili yake.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Anayeandika "wavunja-sanamu wa Bizanti" amekwisha kuamua, kabla ya sentensi kwisha, kwamba mbao zile zilikuwa eidolon. Amechukua tusi la upande mmoja na kulijaza imani ya upande mwingine. Kwa mgogoro wa miaka ya 726 hadi 843 ingekuwa afadhali kulirudia neno la wenyewe, na kusema "vita vya sura". Kwamba sura katika Kiswahili ni uso kwanza si kasoro hapa. Sehemu kubwa ya picha zile zilikuwa nyuso. Nao wapiganaji waitwe wapinga-sura na watetea-sura, hata kama "mvunja-sanamu" huingia vizuri zaidi sikioni.

Neno la kuvunja lina mahali pake, ila si pale. Tarehe 20 Agosti 1566 umati uliingia katika kanisa kuu la Antwerp, na kabla ya usiku kwisha madhabahu na vinyago vya mbao na mawe vilikuwa vipande sakafuni. Waholanzi huyaita matukio ya mwaka huo beeldenstorm, dhoruba ya picha. Hawa walivunja kweli kweli, na walijivunia kuvunja. Katika Uingereza jina lenyewe likawa la kujitwalia. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, kilitoka kitabu kilichodaiwa kuwa tafakuri zake, chenye jina la Kigiriki Eikon Basilike, sura ya kifalme. Mwaka huo huo John Milton alijibu kwa kitabu alichokiita Eikonoklastes, na katika utangulizi akaeleza kwamba hilo lilikuwa jina la makaisari wa Kigiriki waliovunja masanamu kwa juhudi ya dini. Baada ya miaka zaidi ya 800 tusi lilikuwa limepata mtu wa kulivaa kwa hiari. Tena alilolivunja Milton halikuwa jiwe wala ubao. Lilikuwa sifa ya mfalme. Kutoka hapo hadi maana ya karne ya 19, ya mtu anayeshambulia imani zinazoheshimiwa na wengi, ilikuwa hatua fupi. Wafaransa wakati wa Mapinduzi yao walihitaji neno lisilo na sifa yoyote, na mwaka 1794 Abate Grégoire aliliunda vandalisme, akiwatwisha lawama Wavandali walioiteka nyara Roma mwaka 455, ambao hawakuwa tena na mtu wa kuwatetea.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewashinda Abushiri na watu wa pwani. Chini yake palikuwa na askari Mwafrika anayemtazama kwa kuinua macho. Vita Kuu vilipokwisha Waingereza waliichukua, na mwaka 1922 ilikuwa imesimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na mara hii ikapelekwa ghalani. Hawa ni wavunja-sanamu bila ya shaka yoyote, kwa maana zote za neno la Kiswahili. Mahali iliposimama hapo kwanza, tangu 1927, ipo sanamu ya askari peke yake, ameshika bunduki yenye singe, na wenzake wapo Nairobi na Mombasa. Watu wa Dar es Salaam huiita Sanamu ya Askari tu, na hakuna mpita njia anayewaza mungu wa kuchongwa anapolitamka neno hilo.